SI KILA KUKOSA PUMZI NI PUMU: Maelezo kwa Wananchi juu ya Vipimo vya Moyo na Mapafu

Wananchi wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kuwa mtu anayepatwa na dhiki ya pumzi, awe mkubwa au mdogo, hapaswi kujitangazia mwenyewe kuwa ana pumu wala kutangaziwa hivyo na jirani yake, bali anapaswa kufika hospitali kupimwa moyo na mapafu. Maelezo haya yanakusudia kubainisha vipimo hivyo ni vipi, kila kimoja hutazama nini, mpimwaji ajitayarishe vipi, na kwa nini kuchelewa kupimwa kunaweza kumgharimu mgonjwa maisha yake.

Imekuwa ni ada katika mitaa na vijiji kwamba mtu akihema na kifua kikalia, huitwa mwenye pumu. Akishapewa jina hilo huazimwa dawa ya kuvuta ya jamaa yake, huchuliwa kifua kwa mafuta, hufukizwa, kisha husubiri. Baadhi ya watu hao ni kweli wana pumu. Wengine wana mlango wa moyo uliopungua upana tangu utotoni. Wengine wana kifua kikuu. Wengine mapafu yao yamechakazwa na moshi wa miaka mingi. Na wapo wasiokuwa na maradhi ya moyo wala ya mapafu, ila damu yao imepungua. Wote hao hutoa lalamiko moja, nalo ni kwamba pumzi haziwatoshi. Lakini dawa zao ni mbali mbali, na dawa inayomponya mmoja haimfai mwengine, na pengine humdhuru.

MOYO NA MAPAFU HUTEGEMEANA

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga baina ya mara 60 na 100 kwa dakika, na mapafu yake huvuta hewa baina ya mara 12 na 20 kwa dakika. Upande wa kulia wa moyo hupeleka damu katika mapafu ili ipate oksijeni. Damu hiyo hurudi upande wa kushoto, nao huisukuma mwili mzima. Baina ya vyumba vya moyo, na pale damu inapotoka, ipo milango minne, ambayo wataalamu huiita valvu, nayo huruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma.

Iwapo mlango wa upande wa kushoto umekuwa mwembamba, au misuli ya moyo imedhoofu, damu hurundikana nyuma yake, yaani ndani ya mapafu, mfano wa maji ya mtaro uliozibwa mbele. Maji ya damu huanza kuvuja katika vifuko vya hewa, na mgonjwa hukohoa, huhema, na pengine kifua chake hulia kama cha mwenye pumu hasa. Hapo tatizo ni la moyo, ilhali sauti hutoka katika mapafu. Kadhalika, mapafu yaliyoharibika kwa muda mrefu huulemea upande wa kulia wa moyo, na mgonjwa akavimba miguu.

Zipo dalili zinazoelekeza. Mtu anayeshindwa kulala chali akalazimika kujiegemeza kwa mito, anayeamka usiku akitafuta hewa dirishani, au anayevimba miguu, huenda tatizo lake likawa la moyo. Anayebanwa kwa vumbi, kwa baridi au kwa harufu kali, kisha akapoa na kuwa mzima kabisa, huenda ikawa ni pumu. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, akatoka jasho usiku na kukonda, lazima apimwe kifua kikuu. Hata hivyo dalili hizi huingiliana, na ndiyo maana vipimo vikahitajika.

VIPIMO VYA MWANZO

Kazi ya mwanzo ni ya masuali na masikio. Daktari humuuliza mgonjwa habari zake, kisha husikiliza kifua kwa kifaa ambacho asili yake ni bomba la karatasi alilolikunja tabibu wa Kifaransa, René Laennec, mjini Paris katika mwaka 1816. Tangu wakati huo hadi leo, sikio la daktari ndilo linalosikia mlango wa moyo unaovuja au pafu lililojaa maji kabla ya mashine yoyote kuwashwa. Kwa hiyo mgonjwa asidharau hatua hii wala asione amepuuzwa kwa kuwa hakupelekwa moja kwa moja katika mashine.

Hufuata kipimo cha shinikizo la damu. Mpimwaji hutakiwa akae kitako ametulia muda wa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini, na mkono umewekwa usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, na asizungumze wakati wa kupimwa. Shinikizo likiwa 140 kwa 90 au zaidi, na likarejea hivyo siku nyengine, huhesabiwa kuwa limepanda. Shinikizo lililopanda kwa miaka bila ya tiba huunenepesha na hatimaye huuchosha moyo, na aghalabu mwenyewe hahisi lolote hadi pumzi zinapomwishia.

Kisha huvishwa kidoleni kifaa kidogo kiitwacho oksimita, ambacho hupitisha mwanga katika kidole na kukadiria kiasi cha oksijeni ndani ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiasi hicho huwa baina ya asilimia 95 na 100. Kina mama na mabibi harusi wanakumbushwa kuwa rangi ya kucha na piko nyeusi huweza kuuzuia mwanga huo na kuleta hesabu ya uongo, hivyo wamweleze muhudumu mapema ili atafute kidole kingine au ncha ya sikio. Aidha, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kifaa hiki mara nyengine husoma juu zaidi ya hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo mgonjwa anayehema sana asiambiwe kuwa ni mzima kwa sababu ya oksimita pekee.

KIPIMO CHA UMEME WA MOYO

Kipimo hiki, ambacho katika karatasi za hospitali huandikwa ECG, ndicho kinachoogopwa bure kuliko vyote. Wapo wanaodhani kuwa mwili hutiwa umeme. Ukweli ni kinyume cha hivyo. Moyo wenyewe hutoa umeme mdogo sana kila unapopiga, na mashine huusikiliza umeme huo na kuuchora. Hakuna kinachoingia mwilini, hakuna sindano, na hakuna maumivu.

Kipimo hiki kilisimamishwa na mtaalamu wa Kiholanzi, Willem Einthoven, katika mji wa Leiden mwanzoni mwa karne ya 20, naye akatunukiwa Nishani ya Nobel ya tiba kwa mwaka 1924. Katika siku zake mgonjwa alitakiwa kutia mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Leo hubandikwa vipande 10 tu, sita kifuani na vinne katika mikono na miguu, na mgonjwa hulala ametulia kwa dakika chache. Karatasi hutembea milimita 25 kwa kila sekunde, na katika mistari yake daktari husoma kama moyo unapiga kwa mpango, kama una dalili za kunenepa, au kama sehemu yake imekosa damu.

Ipo tahadhari moja. Mtu aliyepatwa na maumivu makali ya kifua anatakiwa afanyiwe kipimo hiki ndani ya dakika 10 tangu kufika hospitali, na kikionekana kizuri huku maumivu yakiendelea, hurejewa tena na tena. Karatasi moja nzuri haitoshi kumrudisha nyumbani mtu anayeumwa.

PICHA YA MOYO KWA MAWIMBI YA SAUTI

Kipimo cha umeme hakionyeshi milango ya moyo. Milango huonekana kwa kipimo cha eko, ambacho hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, sawa na yale yanayotumiwa kumtazama mtoto tumboni. Kilianza mwaka 1953 mjini Lund, Sweden, kwa kazi ya daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Mpimaji hupaka majimaji mazito kifuani na kupitisha kifaa juu yake, na katika kioo huonekana moyo ukifanya kazi, milango ikifunguka na kufunga, na damu ikienda mbele au ikivuja kurudi nyuma. Hakina mionzi, na mama mjamzito huweza kufanyiwa bila ya hofu.

PICHA YA KIFUA NA MAKOHOZI

Picha ya eksirei huonyesha ukubwa wa moyo, maji yaliyozunguka mapafu, na makovu au madoa ndani yake. Katika picha ya mtu mzima iliyopigwa kutoka mgongoni, moyo ukizidi nusu ya upana wa kifua huhesabiwa kuwa umetanuka. Mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo, takriban sawa na ile ambayo mtu huipata katika maumbile kwa muda wa siku 10. Hata hivyo, mama mwenye mimba au anayedhani anayo ni lazima aseme kabla ya kupigwa picha.

Picha hutia shaka ya kifua kikuu, lakini kinachothibitisha ni makohozi. Vijidudu vya maradhi haya vilitangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na kwa miaka mingi vilitafutwa kwa hadubini pekee. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jawabu kwa muda usiozidi saa mbili tangu kuanza kazi, na pia huonyesha kama vijidudu vimezoea dawa ya rifampisini. Mgonjwa anatakiwa atoe kohozi linalotoka ndani ya kifua na si mate, alitoe mahali penye hewa, na afunike kikopo barabara.

KIPIMO CHA KUPULIZA

Pumu na maradhi sugu ya kuziba njia za hewa hupimwa kwa spiromita, kifaa kilichoelezwa na tabibu John Hutchinson wa London katika mwaka 1846. Mpimwaji hufungwa pua kwa kibanio, huvuta hewa hadi mwisho, kisha hupuliza kwa nguvu zote na kuendelea kupuliza kwa takriban sekunde sita, na jambo hilo hurejewa angalau mara tatu. Mashine hupima kiasi cha hewa kilichotoka kwa jumla na kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza. Mwenye njia pana za hewa hutoa sehemu kubwa ya pumzi yake katika sekunde hiyo ya kwanza. Mwenye njia zilizobana huitoa polepole.

Baada ya hapo hupewa dawa ya kutanua njia za hewa, husubiri takriban dakika 15, na hupuliza tena. Pumzi ikiongezeka sana, hiyo ni dalili ya pumu. Iwapo hata baada ya dawa sekunde ya kwanza haifikii asilimia 70 ya pumzi yote, yumkini njia zimeharibika kwa muda mrefu. Maradhi haya hayawapati wavuta tumbaku peke yao. Kina mama waliopika miaka mingi kwa kuni, makumbi na vifuu katika jiko lisilopitisha hewa nao hupatwa, ijapokuwa hawajapata kushika sigara.

Mwenye kwenda kupuliza asile chakula kingi ndani ya saa mbili kabla, asivute sigara siku hiyo, na avae nguo zisizombana. Amuulize daktari kama aache dawa yake ya kuvuta kwa saa chache. Anayetema damu, anayeshukiwa kifua kikuu, aliyepasuliwa jicho au tumbo karibuni, na aliyepatwa na mshtuko wa moyo karibuni, huakhirishiwa kipimo hiki.

Ikumbukwe pia kuwa kipimo cha wingi wa damu, kinachohitaji tone moja tu, ni sehemu ya uchunguzi huu. Damu ikipungua, moyo hupiga mbio na pumzi hukatika hata kama viungo vyenyewe ni vizima.

WATOTO NA MAMA WAJAWAZITO

Wazazi wanatakiwa wayazingatie haya kwa makini. Mtoto wa baina ya miaka mitano na 15 anaweza kuumwa na koo kwa kijidudu kiitwacho streptokoka, akapoa, na wiki mbili au tatu baadaye akapatwa na homa na maumivu ya viungo yanayohama kutoka goti hadi kifundo na kiwiko. Homa hiyo ya baridi yabisi huumiza milango ya moyo. Viungo hupona, lakini mlango wa moyo hubaki na kovu, na kila homa inapojirudia kovu huongezeka. Mtoto huendelea kucheza na kwenda skuli, na maradhi hujitokeza miaka kadhaa baadaye.

Kwa msichana, mara nyingi hujitokeza katika mimba. Wakati wa mimba damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi chake cha kawaida, na mlango mwembamba uliokuwa ukistahamili huwa haustahamili tena. Mama huhema, huambiwa ni uzito wa mimba au ni pumu, na hupelekwa hospitali wakati wa uchungu akiwa taabani. Kipimo cha eko kilichofanywa mapema kingeliweza kumwokoa yeye na mtoto wake. Hivyo basi, mama mjamzito anayeshindwa kulala chali kwa kukosa hewa, au aliyewahi kuugua viungo utotoni, amweleze mkunga katika hudhurio la kwanza.

Kinga ipo, nayo si ghali. Koo la mtoto litibiwe kwa ukamilifu. Aliyekwishapata homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, ili isirejee. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 2018 ulipitisha azimio la kuyataka mataifa yapambane na maradhi haya, kwa kuwa yanazuilika. Mzazi asikatishe sindano hizo kwa kumuona mtoto ni mzima, kwani mtoto huwa mzima kwa sababu ya sindano hizo.

STARA NA MFUNGO

Baadhi ya kina mama huacha kupimwa kwa kuchelea kufunua kifua mbele ya mtu asiyekuwa maharimu wao. Mwanamke anayo haki ya kuomba ahudumiwe na muhudumu wa kike, au awe na jamaa yake chumbani, na kufunikwa kwa kanga kila sehemu isiyohitajika katika kipimo. Ombi hilo si usumbufu, na lielezwe mapema ili mpango ufanywe.

Katika mwezi wa Ramadhani, vipimo vya umeme wa moyo, eko na eksirei ya kawaida ya kifua havimlazimu mtu kula wala kunywa chochote. Kwa hiyo aliyefunga asivihirishe hadi Idi. Mwenye kutumia dawa kila siku aonane na daktari, na amuulize mwanachuoni wake, kabla ya mwezi kuandama, wala asiziache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

PA KUANZIA

Mgonjwa aanzie katika kituo cha afya cha karibu yake au hospitali ya wilaya. Hospitali za Makunduchi na Kivunge kwa Unguja, na za Vitongoji na Micheweni kwa Pemba, zilianzishwa kwa madhumuni hayo, ili mwananchi wa kijijini aonwe kwanza karibu na nyumbani. Si kila hospitali ina mashine zote zilizotajwa, na mgonjwa anayehitaji zaidi hupewa barua ya rufaa. Hospitali ya Mnazi Mmoja hupokea wenye rufaa, na wanaohitaji upasuaji wa moyo huweza kupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2015.

Mgonjwa aje na dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba, pamoja na karatasi na picha za vipimo vya zamani. Picha ya mwaka uliopita ikilinganishwa na ya leo humwambia daktari mambo ambayo picha moja haiwezi kuyasema. Mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar aje na kitambulisho chake. Jawabu likiwa zuri lakini dhiki ikaendelea, mgonjwa arudi, asione haya.

WASIOPASWA KUSUBIRI

Wafuatao wapelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana: anayeumwa na kifua kwa uzito unaopanda mkononi, shingoni au tayani, anayeshindwa kumaliza sentensi moja kwa kuhema, aliyegeuka rangi ya midomo au ulimi, anayetema damu, aliyezimia ghafla, na mtoto mchanga anayeacha kunyonya kwa kukosa pumzi. Asilazwe chali kwa nguvu, bali akalishwe kitako kama anavyojisikia nafuu, na asilishwe wala kunyweshwa kitu.

Masheha, walimu wa skuli na wa madrasa, na wakunga wa vijijini wanaombwa wayafikishe maelezo haya kwa wasioweza kuyasoma. Wahenga wamesema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye kuyaita maradhi yake kwa jina lisilo lake naye amo katika hatari hiyo hiyo, hata kama hakukusudia kuyaficha.